Safari ya Wasso na Kabureta Kuukuu

Ndugu msomaji, leo twende safari. Tunatoka Mto wa Mbu, tunakwenda Wasso katika wilaya ya Ngorongoro. Ni njia ya kilomita zipatazo 210. Gari letu ni Land Rover ya zamani, ile ndefu inayoitwa 109. Shika chuma cha paa kwa nguvu. Kiti chetu ni ubao, na barabara ina mawe.

Gari hili ni mali ya kikundi cha wafugaji. Kijiji chao kiko juu, upande wa Loliondo, mbali na lami. Wanachama ni kumi na wawili. Gari linapeleka mbuzi mnadani. Linaleta unga, chumvi na dawa za mifugo. Usiku linapeleka wagonjwa hospitali. Mwaka huu mama wawili walianza uchungu usiku, gari likawaka, wakafika na kujifungua salama. Mama wa tatu alipoanza uchungu, gari lilikohoa na kuzimika, likakohoa na kuzimika. Vijana walimbeba kwa machela mpaka barabarani. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tangu siku ile kila mtu kijijini analijua neno kabureta, hata wale ambao hawajawahi kushika usukani.

MANENO YA SOKONI

Mto wa Mbu ni mji wa ndizi. Maji yanashuka kutoka ukuta wa Bonde la Ufa na kuingia mashambani kwa mifereji. Hapo utakuta watu wa makabila mengi, na kila mmoja anakuuzia kitu. Ndizi nyekundu ziko tele. Mimi nilinunua kichane kimoja, nikakimaliza kabla hatujaondoka.

Dereva wetu hakununua ndizi. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la spea. Alifuatwa na mweka hazina wa kikundi. Huyu ni mama wa makamo, na watu wote ndani ya gari wanamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Fedha za kikundi alikuwa amezifunga kwenye pindo la shuka.

Mwenye duka aliweka vitu viwili mezani. Cha kwanza ni kabureta mpya ndani ya boksi. Bei yake ilikuwa sawa na mbuzi wanne. Cha pili ni pakiti ndogo ya kufufulia kabureta ya zamani. Ndani yake mna gaketi, mipira, sindano na kiwambo. Bei yake ilikuwa sawa na mbuzi mmoja.

"Tuchukue mpya, Yeyo," alisema dereva. "Ile yetu imechoka. Ikizimika usiku nina mgonjwa, nani atajibu? Ni mimi."

"Mwanangu, kijiji cha jirani walinunua mpya," alijibu Yeyo. "Ilikwenda miezi miwili. Sasa imo kwenye gunia."

Mwenye duka akasema kuwa ukimwachia ile ya zamani, bei ya mpya itapungua kidogo. Dereva alifurahi. Yeyo akauliza, "Kama ya zamani ni takataka, wewe unaitakia nini?" Mwenye duka alicheka, lakini hakujibu.

Yeyo alinunua pakiti ya mbuzi mmoja. Fundi wa pale alikuwa na magari matatu mbele yetu, na abiria walitaka kuondoka. Tukaondoka na kabureta kuukuu kama ilivyo, pakiti ikiwa mikononi mwa Yeyo. Dereva hakusema neno mpaka Engaruka.

KABURETA NI KITU GANI?

Wakati dereva amenuna, tuelezane.

Umewahi kuwasha moto wa kuni. Kuni zikiwa nyingi na hewa haipiti, unapata moshi tu. Kuni zikiwa chache na upepo mwingi, moto unazimika. Injini ya petroli ni vivyo hivyo. Petroli peke yake haiwaki vizuri ndani ya injini. Ni lazima ichanganywe na hewa, iwe kama ukungu. Kwa uzito, petroli sehemu 1 inahitaji hewa sehemu kama 15. Kazi ya kuchanganya ni ya kabureta.

Ndani ya kabureta mna bakuli la petroli. Ndani ya bakuli mna boya linaloelea. Bakuli likijaa, boya linapanda na kusukuma sindano, na sindano inaziba njia ya petroli. Petroli ikipungua, boya linashuka na njia inafunguka. Kutoka kwenye bakuli, petroli inapita katika matundu madogo sana yanayoitwa jeti. Hewa inayovutwa na injini inapita kwa kasi na kuinyonya petroli ile. Chini kuna mlango mdogo wa duara, uliofungwa kwenye kijiti cha chuma. Dereva akikanyaga pedeli ya mafuta, kijiti kinazunguka, mlango unafunguka, na injini inavuta hewa na petroli zaidi.

Land Rover zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Hii yetu ni ya aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Injini yake ni ya petroli, ya lita mbili na robo. Wengi wenye magari kama haya wamekwisha ng'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli. Kikundi hiki bado. Kabureta yake inaitwa Zenith 36 IV. Ni kabureta nzuri, lakini ina ugonjwa wake, nao utauona.

VUMBI NA MLIMA WA MUNGU

Kutoka Mto wa Mbu mpaka Engaruka ni kama kilomita 60. Kushoto kwetu ni ukuta wa Bonde la Ufa. Kulia ni uwanda wa vumbi. Engaruka ina maji, na kwa sababu hiyo watu walilima hapo tangu zamani. Matuta ya mawe na mifereji yao bado ipo. Wataalamu wanasema watu hao waliishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18. Hakuna ajuaye kwa hakika walikwenda wapi.

Baada ya Engaruka vumbi ni kama unga. Linaingia masikioni, linaingia kwenye ndizi. Linaingia pia kwenye gari, na neno hilo tutalirudia.

Mbele yetu ulisimama Ol Doinyo Lengai. Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Ni volkano hai. Mwaka 2007 ulilipuka kwa nguvu na kumwaga majivu. Uji wake wa moto si kama wa milima mingine. Joto lake ni dogo kuliko la volkano nyingine duniani. Ukitoka ni mweusi, na baada ya siku chache unageuka mweupe kwa unyevu wa hewa.

Hapo chini ya mlima gari letu lilianza kukohoa. Nyuma yetu moshi ulikuwa mweusi. Dereva akipunguza mwendo, injini inataka kuzimika. Akawa anakanyaga pedeli hata tukiwa tumesimama. Utingo aliangalia dumu la akiba lililofungwa nje, nyuma ya gari. Petroli ilikuwa inakwisha upesi.

Tulifika Ngaresero jua likizama. Ni kijiji karibu na Ziwa Natron, mahali heroe wanapokuja kuzaliana kwa wingi. Ziwa liko chini, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni kali. Mbele yetu palikuwa na ule ukuta wa kupanda kwenda Sale. Dereva alizima gari. "Kwa kabureta hii sipandi," alisema.

MZEE NA KIPANDE CHA KIOO

Kijijini hapo tulimpata mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ufundi Arusha kwa miaka mingi. Tulimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Dereva akataka kazi ianze usiku ule ule, kwa taa ya koroboi. Mzee alikataa. "Petroli na koroboi haviketi pamoja," alisema. "Laleni."

Alfajiri alikuja na boksi lake. Kwanza alimfukuza kijana mmoja mwenye sigara. Halafu aliwaomba akina mama wahamishe jiko la chai upande wa pili wa nyumba. Ndipo akafungua boneti.

Hapa angalia vizuri, ndugu msomaji. Mzee hakuigusa kabureta.

Alifungua chujio la hewa. Katika Land Rover hii, hewa inapita kwanza juu ya bakuli la oili, ili vumbi linase humo. Oili ilikuwa imegeuka tope. Hewa ilikuwa inapita kwa shida, kama mtu aliyefungwa kitambaa puani. Mzee aliosha bakuli, akaweka oili safi. Halafu alitazama kikombe cha kioo kwenye pampu ya petroli, akamwaga uchafu. Alifungua plagi. Zilikuwa nyeusi kwa masizi. Alizisugua. Alitazama na platini, zilikuwa sawa.

"Washa," alisema. Gari liliwaka. Moshi ulipungua kidogo, lakini ulikuwepo.

"Watu wengi wangekuwa wamekwisha nunua kabureta," alisema Mzee. "Na wangekuta moshi uko pale pale, kwa sababu ya tope la bakuli."

Sasa alichukua bisibisi. Kwenye kabureta kuna skrubu ndogo ya kurekebisha mchanganyiko wa injini ikiwa inanguruma polepole. Aliikaza mpaka mwisho. Kwa kawaida injini ingezimika, maana umeinyima petroli. Yetu haikuzimika. Iliendelea kukohoa vile vile.

"Mwizi yumo humu," alisema. "Petroli inapita pasipo na ruhusa."

Alifungua kifuniko cha kabureta. Akaweka rula ya chuma juu ya uso wa kifuniko, akakiinua kuelekea jua. Alituita mmoja mmoja tutazame. Katikati, chini ya rula, mwanga ulipita.

Huo ndio ugonjwa wa Zenith hii. Kifuniko kinapinda kidogo sana. Jicho halioni, lakini petroli inaona. Inanyonywa kupitia ufa ule bila kupita kwenye jeti, na mchanganyiko unakuwa mzito. Mara nyingi kinapinda kwa sababu mtu amekaza skrubu kupita kiasi.

"Nani alizikaza hizi?" aliuliza Mzee. Utingo alitazama chini.

Mzee alitoa kipande cha kioo cha dirisha. Kioo ni bapa kuliko meza yoyote. Juu yake alitandika msasa laini, akaulowesha maji. Alichora mistari ya penseli kwenye uso wa kifuniko. Kisha akakisugua juu ya msasa, taratibu, akizungusha mkono kama anayeandika namba 8. Mistari ya penseli ilifutika pembeni, ikabaki katikati. Maana yake katikati pamebonyea. Akaendelea. Baada ya saa nzima mistari yote ilikuwa imefutika. Akaweka rula tena. Mwanga haukupita.

Jeti alizipuliza kwa pumzi. Utingo alitaka kuzichokonoa kwa waya. Mzee alimpiga kofi la mkono, si la nguvu. Waya unapanua tundu, na tundu likipanuka gari linakunywa petroli mpaka lifie.

Halafu ile pakiti ya mbuzi mmoja ikafunguliwa. Mpira mpya, sindano mpya, gaketi mpya, na kiwambo kipya, kile kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Vilikaa mahali pake. Skrubu alizikaza kidogo kidogo, moja upande huu, nyingine upande wa pili, kwa vidole viwili tu juu ya bisibisi.

JAMBO AMBALO MSASA HAUPONYI

Gari liliwaka. Lilinguruma polepole, bila moshi mweusi. Yeyo alimtazama dereva. Dereva alitazama mlima.

Lakini Mzee hakufurahi bado. Alishika kile kijiti cha mlango wa hewa, akakitikisa. Kilicheza. Aliweka matone mawili ya oili pembeni mwa kijiti, na ngurumo ya injini ikabadilika. Maana yake hewa ilikuwa inaingia hapo, na oili ilikuwa imeiziba kwa muda.

"Dereva wenu hakusema uongo," alisema Mzee. "Imechoka kweli. Imechoka hapa."

Alieleza hivi. Uso uliopinda unanyooshwa. Mpira uliokufa unabadilishwa. Lakini tundu la kijiti likiliwa na chuma kwa miaka 40, pakiti haina dawa yake. Ni lazima kwenda kwa mkerezaji mwenye mashine, atoboe tundu na kuweka bushi mpya. Kazi hiyo inafanyika Arusha. Kama tundu limepanuka mno, au mwili wa kabureta una ufa, au nyuzi za skrubu zimekwisha, basi usitupe fedha. Nunua nyingine.

"Hii yetu je?" aliuliza Yeyo.

"Inacheza kidogo. Itakwenda. Lakini msinilaumu mwakani."

Dereva akauliza juu ya zile mpya za madukani. Mzee alisema ameona nzuri na ameona mbaya, na boksi halikuambii ipi ni ipi. Ukiwa dukani tikisa kijiti. Kikicheza ikiwa mpya, irudishe. Beba rula, weka juu ya uso wake. Fungua bakuli utazame kama mna vumbi la chuma. Pima kama matundu ya bolti yanalingana na ya gari lako. Mwenye duka akikataa usitazame, toka.

Iko pia kabureta ya aina nyingine inayofungwa kwenye Land Rover hizi, Weber 34. Namba 36 na 34 ni upana wa njia kwa milimita. Weber ni rahisi kuitunza, na kwenye tambarare haina neno. Lakini njia yake ni nyembamba. Gari likiwa na watu kumi na magunia, mlimani utaona nguvu imepungua. Kwa mtu wa Mto wa Mbu Mzee angeikubali. Kwa gari la kikundi hiki alitikisa kichwa.

"Na ile ya zamani msiiache dukani," alisema mwishoni. "Hata mkinunua mpya. Hiyo mnaijua. Ikibidi mtaifunga usiku kwa mikono yenu."

KUPANDA

Tuliupanda ule ukuta kwa gea ya chini. Njia inazunguka na kuzunguka, na kila ukigeuka unaona ziwa likizidi kuwa dogo. Rangi yake ni ya waridi mahali pengine, nyeupe mahali pengine. Abiria mmoja aliyebeba kuku wawili alifumba macho mpaka juu. Sikumcheka. Mimi niliyafumba mara mbili.

Kuna jambo jingine katika kupanda huku. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Kutoka Natron, mita 600, mpaka Loliondo, kama mita 2,000, hewa inapungua uzito kwa sehemu moja hivi kati ya nane. Lakini jeti hazijui kuwa umepanda. Zinaendelea kutoa petroli karibu ile ile. Kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito zaidi. Kabureta yenye ufa, inayovuja petroli kule bondeni, ikifika juu inavuta moshi kama tanuri la mkaa. Ndiyo maana gari la kikundi lilikuwa likikosa kuwaka nyumbani kuliko mahali pengine popote. Mzee alikuwa amemwagiza dereva, akifika juu aifungue injini inguruma polepole, airekebishe tena ile skrubu ndogo. Dereva alifanya hivyo tulipofika kileleni. Safari hii skrubu ilitii.

Tulipita vijiji vya Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo. Nao wanalima kwa mifereji. Upande huu kipo kijiji cha Samunge. Mwaka 2011 watu walikuja hapo kwa maelfu kunywa kikombe cha Babu, na foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Magari mengi yaliharibika njiani, na wenyeji walijifunza mengi kwa kutazama.

Kutoka Sale tulikuta lami, na mwili ulipumzika. Tuliingia Wasso saa kumi jioni.

DAFTARI LA YEYO

Gari liliposimama, Yeyo hakushuka kwenda kunywa chai. Alimwambia utingo ajaze tangi kwa dumu, lita kwa lita, naye akahesabu kwa sauti. Kisha akatoa daftari. Yeyo alijifunza kusoma ukubwani, na herufi zake ni kubwa na zimesimama wima. Alinionyesha ukurasa. Kila safari ya Mto wa Mbu kwenda Wasso imeandikwa. Machi, lita 43. Juni, lita 50. Safari iliyopita, lita 58. Ya leo, pamoja na kukohoa kule njia nzima mpaka Ngaresero, lita 51.

Safari iliyofuata sikuwepo. Nilikutana nao tena baada ya mwezi, nikauliza. Lita 45.

Hesabu hiyo Yeyo aliifanya mbele ya dereva. Kutoka 58 kurudi 45 ni lita 13. Lita moja ikiuzwa shilingi 3,000, ni shilingi 39,000 kila safari. Mbuzi wa pakiti analipwa kwa safari mbili au tatu.

Dereva alifikiri. "Labda si kabureta," alisema. "Labda ni lile bakuli la tope."

Yeyo alikubali kuwa inawezekana. Tangu siku ile utingo anaosha bakuli la oili kila wanapotoka kwenye vumbi la Engaruka, na Yeyo anaandika tarehe.

"Na kijiti bado kinacheza," alisema dereva. "Usiku nikiwa na mgonjwa, kijiti hakisomi daftari."

Yeyo alinyamaza kidogo. Halafu akageuza ukurasa mpya, akaandika, akilitamka kila neno: Kijiti kinacheza. Kuuliza Arusha bei ya kukereza. Kuuliza bei ya mpya. Kubeba rula.